Viza ya mgeni na safari fupi ya pembeni: utoke na kurudi, uongeze muda, uombe upya, au ubadilishe ratiba?

Mgeni aliye ugenini kwa viza ya matembezi hupata mara nyingi sababu nzuri ya kutoka kwa siku chache: harusi ya jamaa katika nchi ya jirani, mkutano wa siku mbili, au tiketi ya bei nafuu ya kwenda kuona mji ambao amekuwa akiusikia tu. Swali linalofuata ni kama ataruhusiwa kurudi, na watu wengi hudhani kwamba kwa kuwa safari ni fupi, jibu litakuwa jepesi. Ukweli ni kwamba ufupi wa safari huhesabika katika nchi chache sana. Mambo yanayoamua ni nchi anayotoka, nchi anayokwenda, idadi ya mara za kuingia iliyoandikwa kwenye viza yake, na tarehe mbili ambazo wengi huzichanganya. Makala haya yanalinganisha mifumo minne, yaani Marekani, Kanada, Eneo la Schengen (nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao) na Uingereza, yakigusia miwili mingine kwa kifupi, kisha yanapima njia nne alizonazo mgeni: kutoka na kurudi kwa viza ileile, kuomba kuongezewa muda bila kutoka, kuomba viza mpya akiwa nje, au kuipanga safari upya ili asihitaji kurudi kabisa. Njia hiyo ya mwisho haitajwi sana, ingawa kwa maoni yangu ndiyo inayowafaa watu wengi zaidi.

Mambo matatu yanayosomwa kwenye viza

Viza ya mgeni ni ruhusa ya kubisha hodi, na mwenye nyumba bado ana haki ya kuuliza kabla ya kufungua mlango. Ndani ya ruhusa hiyo kuna mambo matatu yasiyofanana. La kwanza ni kipindi ambacho viza inaweza kutumika kuingilia. La pili ni idadi ya mara za kuingia. La tatu ni siku ambazo mgeni anaruhusiwa kukaa akishaingia. Matatizo mengi ya mpakani hutokea pale mtu anaposoma jambo la kwanza na kudhani amesoma la tatu.

Stika ya Schengen inaonyesha jambo hili vizuri kwa kuwa imeandika yote matatu mahali pamoja. Tuchukue stika inayosema kwamba viza inatumika kuanzia 15 Mei hadi 28 Juni, siku za kukaa ni 30, na mara za kuingia ni 1. Ukihesabu tarehe hizo utapata siku 45, na mgeni asiyesoma kwa makini ataona kwamba amepewa mwezi mmoja na nusu. Sivyo. Amepewa siku 30 za kukaa, na zile 15 za ziada ni nafasi aliyoachiwa ili ndege ikichelewa au tarehe ikisogea asilazimike kuomba upya. Tena, kwa kuwa nafasi ya idadi ya kuingia imeandikwa 1 badala ya 2 au MULT (yaani mara nyingi), siku atakayovuka mpaka kutoka nje ya eneo hilo viza imekwisha kazi, hata kama ametumia siku tano tu kati ya 30.

Marekani: tarehe ya I-94 ndiyo bwana

Marekani ndiyo iliyotenganisha viza na ruhusa ya kukaa kwa uwazi zaidi. Viza ya B-1/B-2, yaani ya mgeni wa biashara au matembezi, hutolewa na ubalozi na humfikisha mgeni kwenye kituo cha kuingilia. Hapo afisa wa CBP, idara ya forodha na ulinzi wa mipaka, ndiye anayeamua kama ataingia na atakaa hadi lini. Uamuzi huo huwekwa kwenye rekodi ya kielektroniki iitwayo I-94, ambayo mgeni anaweza kuisoma na kuichapisha kutoka tovuti ya idara hiyo. Kwa kawaida mgeni wa B-2 hupewa miezi sita. Viza inaweza kwisha tarehe yeye akiwa ndani bila kuvunja sheria yoyote, mradi tarehe ya I-94 haijapita. Kinyume chake, viza iliyobakiwa na miaka kadhaa haimsaidii aliyepitisha tarehe ya I-94, kwa sababu kifungu cha 222(g) cha sheria ya uhamiaji kinaibatilisha viza hiyo. Akizidisha zaidi ya siku 180 kisha akatoka, anafungiwa kurudi kwa miaka 3, na akifikisha mwaka mmoja au zaidi anafungiwa miaka 10.

Mgeni anayetaka kutoka kwa muda mfupi atajikuta katika mojawapo ya hali tatu. Hali nyepesi ni ya mwenye viza ya kuingia mara nyingi ambayo bado haijaisha: anaweza kwenda nchi yoyote na kurudi, na afisa atampima upya na, akiridhika, kumpa kipindi kipya cha kukaa. Hali ya pili ni ya mtu ambaye viza yake imekwisha tarehe lakini I-94 yake bado ni hai. Huyu ana upenyo ambao wengi hawaujui: kanuni ya 22 CFR 41.112(d) inaihesabu viza iliyokwisha kuwa imejiongeza yenyewe kwa mgeni aliyekwenda Kanada au Meksiko tu, kwa siku zisizozidi 30. Hali ya tatu ni ya mtu huyohuyo aliyeamua kwenda London au Dubai badala ya Toronto. Kwake hakuna upenyo, na atahitaji viza mpya.

Upenyo huo una masharti yanayostahili kusomwa polepole. Tuseme mgeni aliingia New York tarehe 10 Januari na I-94 yake inasema 9 Julai, huku viza yake ikiisha 15 Machi. Akienda Toronto 1 Aprili na kurudi 20 Aprili, yuko ndani ya kanuni, na akirudi ataendelea na muda uliobaki hadi 9 Julai. Akichelewa huko hadi 5 Mei, siku 30 zimepita na kanuni haimhusu tena. Akiwa Toronto akajaribu bahati yake kwa kuomba viza mpya ya Marekani, kanuni inamtoka papo hapo, na ombi likikataliwa atajikuta nje, mizigo yake ikiwa New York. Raia wa nchi ambazo Marekani inaziorodhesha kuwa wafadhili wa ugaidi hawahusiki na kanuni hii hata kidogo. Visiwa vya Karibiani navyo ni mtego, kwa sababu wanafunzi wa F na washiriki wa programu za kubadilishana wa J wameruhusiwa kwenda visiwa vya jirani na kurudi kwa upenyo huu, isipokuwa Kuba, lakini mgeni wa B hakujumuishwa. Rafiki yako mwanafunzi akikuambia kwamba yeye alikwenda Bahamas akarudi bila shida, anasema kweli kuhusu viza yake, si kuhusu yako.

Kundi jingine ni la wenye pasipoti za nchi zisizohitaji viza, wanaoingia kwa ESTA, kibali kinachoombwa mtandaoni, na kupewa siku 90. Kwao safari ya Kanada, Meksiko au visiwa vya jirani haisimamishi hesabu: siku zinaendelea kuhesabiwa wakiwa huko, na siku hizo 90 haziongezwi kwa maombi ya kawaida.

Kanada: mlango mmoja wa nyuma, unaoelekea kusini

Kanada ina kanuni inayofanana na hiyo ya Marekani kwa juu juu, lakini vipimo vyake ni tofauti. Mgeni aliyeingia kwa viza ya mara moja anaweza kutoka kwenda Marekani, au visiwa vya Ufaransa vya Saint-Pierre na Miquelon vilivyo karibu na Newfoundland, na kurudi bila viza mpya, mradi arudi kabla ya muda wake wa kukaa Kanada kwisha. Hakuna hesabu ya siku 30. Kinachoangaliwa ni tarehe ya mwisho ya ruhusa yake, ambayo kwa mgeni asiyepewa tarehe maalumu ni miezi sita tangu alipoingia. Meksiko haimo. Aliyeko Vancouver kwa viza iliyokwisha kutumika akishuka hadi Seattle anarudi kwa amani, lakini akipitiliza hadi Cancún kula fungate, atahitaji viza mpya ya Kanada ili arudi.

Kwa muda mrefu viza za Kanada zilitolewa zikiwa za kuingia mara nyingi kama jambo la kawaida, zikidumu hadi miaka 10. Tangu Novemba 2024 maafisa wameelekezwa kupima kila ombi na kuamua wenyewe kama litapata mara moja au mara nyingi, na kwa muda gani. Kwa hiyo kile alichopewa jamaa yako miaka mitano iliyopita si kipimo cha kile utakachopewa wewe, na ni vizuri kusoma viza yako mwenyewe kabla ya kukata tiketi.

Ikumbukwe pia kwamba kanuni zote mbili zinazungumzia kurudi, hazizungumzii kuingia kule unakokwenda. Maporomoko ya Niagara yako mpakani na daraja linavukwa kwa dakika chache, lakini mgeni wa Marekani anayetaka kuyaona kutoka upande wa Kanada anatakiwa kuwa na ruhusa ya Kanada, na wa Kanada awe na ya Marekani.

Schengen: saa isiyowekwa sifuri

Hapa ndipo penye malalamiko mengi zaidi, kwa sababu desturi ya kutoka kidogo ili kuanza upya, iliyozoeleka katika nchi nyingine, haifanyi kazi. Mgeni ana siku 90 katika kipindi chochote cha siku 180, na tangu 18 Oktoba 2013 hesabu hiyo hufanywa kwa kuangalia nyuma: kila siku ambayo mgeni yumo ndani, afisa anaangalia siku 180 zilizopita na kujumlisha siku alizokaa. Siku ya kuingia na siku ya kutoka zote zinahesabiwa. Kutoka kwa wiki moja hakufuti chochote. Kunasimamisha tu kuongezeka kwa siku.

Mfano utasaidia. Mgeni mwenye viza ya mwaka mmoja ya kuingia mara nyingi anaingia Paris 1 Machi na kuondoka 30 Aprili, jumla ya siku 61. Anakaa London kidogo na kurudi Paris 11 Mei. Amebakiwa na siku 29, hivyo siku yake ya mwisho ni 8 Juni. Akitoka siku hiyo, hawezi kurudi kesho yake wala mwezi unaofuata. Siku ya kwanza aliyotumia, yaani 1 Machi, itatoka ndani ya dirisha la siku 180 ifikapo 28 Agosti, na kuanzia hapo ndipo siku zitakapoanza kumrudia moja moja kwa mpangilio uleule alioutumia. Zamani watu walitegemea mihuri iliyofifia na ukarimu wa afisa. Mfumo wa EES, unaochukua alama za vidole na picha ya uso badala ya kugonga muhuri, ulianza 12 Oktoba 2025 na kupangwa ukamilike 10 Aprili 2026, na kompyuta haina ukarimu katika kujumlisha.

Kosa la pili ni la ramani. Eneo la Schengen lina nchi 29, na mipaka yake haifuatani na ile ya Umoja wa Ulaya. Uswisi, Norwe, Aislandi na Liechtenstein zimo ingawa si wanachama wa Umoja. Ayalandi na Cyprus ni wanachama lakini hazimo. Bulgaria na Romania zilikamilisha kujiunga 1 Januari 2025, hivyo ushauri wa zamani wa kwenda kukaa Bucharest ili kuokoa siku umekwisha muda wake. Mwenye viza ya mara moja anaweza kutoka Lisbon hadi Helsinki asigongewe muhuri hata mmoja, lakini akinunua tiketi ya bei nafuu ya Paris kwenda Rome inayobadilishia ndege Istanbul, ametoka. Atakapofika Rome atakuwa anaomba kuingia mara ya pili kwa viza ya mara moja, na huenda asifike huko kabisa, kwani kampuni ya ndege inaweza kumzuia asipande.

Hapa basi uchaguzi ni wa mapema, wakati wa kujaza fomu ya viza. Ukijua kwamba kuna safari ya pembeni, omba mara mbili au mara nyingi na uambatanishe ushahidi wake, kama vile mwaliko au nafasi ya hoteli katika nchi hiyo nyingine. Ada ya euro 90 haibadiliki kwa idadi ya kuingia, kwa hiyo hakuna kinachookolewa kwa kuomba mara moja. Kanuni zilizoanza kutumika Februari 2020 zinampa anayesafiri mara kwa mara ngazi ya kupanda: aliyepata na kutumia vizuri viza tatu katika miaka miwili iliyopita hustahili viza ya kuingia mara nyingi ya mwaka mmoja, kisha ya miaka miwili, kisha ya mitano, ikiwa hakuna shaka juu yake. Lakini hata viza ya miaka mitano inabaki chini ya zile siku 90 katika 180.

Uingereza: hakuna hesabu, kuna mazoea yanayotazamwa

Viza ya kawaida ya mgeni wa Uingereza huruhusu kuingia mara nyingi, iwe ni ya miezi 6, miaka 2, 5 au 10, na kila ziara isizidi miezi sita. Kwenda Amsterdam kwa siku nne na kurudi hakuna kizuizi cha kikaratasi, na kwa maana hiyo Uingereza ndiyo rahisi kuliko zote nne kwa safari fupi.

Ugumu wake uko kwingine. Kanuni za wageni zinakataza mtu kuifanya nchi hiyo makazi yake kwa ziara za mara kwa mara au zinazofuatana. Husikika sana kwamba sheria inaruhusu siku 180 katika mwaka. Kanuni ya namna hiyo haimo kwa mgeni wa kawaida, ila afisa ana haki ya kujumlisha muda uliokaa, kulinganisha na muda uliokuwa kwenu, na kuuliza unaishi wapi hasa. Aliyekaa miezi mitano na nusu, akatoka wiki moja, akarudi akiomba miezi sita mingine, ajiandae kwa mahojiano marefu.

Ayalandi inahitaji tahadhari ya pekee. Kati yake na Uingereza hakuna ukaguzi wa kawaida wa pasipoti, na mpaka wa nchi kavu na Ayalandi ya Kaskazini, ambayo ni sehemu ya Uingereza, hauna hata kizuizi. Mgeni anaweza kupanda basi Belfast na kushuka Dublin bila kuulizwa neno, na bado akawa ameingia Ayalandi kinyume cha sheria kama hana viza yake. Kuna mpango wa viza za pamoja ulioanza 2014 kwa raia wa China na India, lakini haumhusu kila mtu. Barabara iliyo wazi si ruhusa.

Mifumo miwili ya kando

Tailandi inauza haki ya kurudi waziwazi. Mwenye viza ya utalii ya mara moja akitoka anapoteza siku zilizobaki, isipokuwa kama amejaza fomu ya TM.8 kabla ya kutoka na kulipia kibali cha kurudi, baht 1,000 kwa mara moja au 3,800 kwa mara nyingi. Kibali hicho hulinda siku zilizobaki tu. Hakiongezi hata moja. Ni mfumo mnyoofu, na laiti nchi nyingine zingeuiga.

Viza ya utalii ya Afrika Mashariki, ya dola 100 za Marekani na siku 90, inaziunganisha Kenya, Uganda na Rwanda kwa kuingia na kutoka ndani ya nchi hizo tatu. Mgeni lazima aingie kwanza kupitia nchi iliyoitoa, na akitoka nje ya tatu hizo viza imekwisha. Tanzania haimo, kwa hiyo anayeruka kutoka Nairobi kwenda Zanzibar kwa wikendi na kurudi amekwisha kuitumia.

Njia nne zikipimwa

Kutoka na kurudi kwa viza ileile kunamfaa mwenye viza hai ya kuingia mara nyingi, au mgeni wa Marekani na Kanada anayebaki ndani ya zile kanuni za majirani. Kusichukuliwe kuwa mbinu ya kupata siku zaidi. Schengen imeifunga mbinu hiyo kwa hesabu. Marekani na Uingereza zimeiachia busara ya afisa, na busara ya afisa haikatiwi rufaa pale dirishani.

Kuomba kuongezewa muda bila kutoka kunamfaa ambaye shida yake ni muda, si safari. Marekani hupokea fomu I-539 kwa ada ya dola 470 kwa karatasi au 420 kwa mtandao, na hushauri ipelekwe angalau siku 45 kabla ya I-94 kwisha. Kanada hutoza dola 100 za Kanada, hushauri ombi lifike angalau siku 30 kabla, na anayesubiri jibu hubaki kihalali hata tarehe ikipita. Uingereza huongeza tu hadi kutimiza miezi sita kwa aliyepewa pungufu, kukiwa na vighairi vichache kama matibabu. Schengen huongeza kwa dharura isiyozuilika au sababu za kibinadamu bila malipo, na kwa sababu nzito za binafsi kwa euro 30. Wengi hawaambiwi kwamba njia hii na ile ya kwanza hazichanganyiki: ukitoka Marekani ombi la I-539 likiwa bado mezani, unaweza kuhesabiwa kuwa umelitelekeza, na ukitoka Kanada wakati unasubiri jibu baada ya tarehe yako kupita, hali ile ya kubaki kihalali inakatika. Chagua moja.

Kuomba viza mpya ukiwa nje, katika nchi ya tatu, kulikuwa jambo la kawaida kwa wageni wa Marekani waliokwenda Kanada au Meksiko. Tangu 6 Septemba 2025 waombaji wa viza za muda za Marekani wameelekezwa kuomba katika nchi ya uraia wao au wanakoishi kihalali, na balozi za Schengen nazo kwa kawaida hupokea maombi ya wakazi wa eneo lao. Ada ya msingi ya viza ya B ni dola 185 na hairudishwi. Katika safari iliyopangwa kuwa fupi, kusubiri miadi na majibu ndiko kunakoigeuza kuwa ndefu, hivyo mimi ningeiweka njia hii mwisho kabisa, kwa mtu ambaye hana nyingine.

Imebaki kubadilisha mpangilio. Mwenye harusi London na wiki tatu za kutembelea Italia hana sababu ya kukaa Italia, kwenda London, kisha kurudi Italia kuchukua ndege ya nyumbani, akihitaji kuingia Schengen mara mbili. Aanze na London, kisha Italia, arudi nyumbani kutoka Rome. Au aanze na Italia na amalizie London. Tiketi inayoingilia mji mmoja na kutokea mwingine mara nyingi haipishani sana kwa bei na ile ya kwenda na kurudi mji uleule. Hata aliyekwisha kufika anaweza kuuliza kampuni ya ndege ada ya kubadilisha mji wa kuondokea, kwani ada hiyo hulinganishwa na gharama ya viza mpya, siku za kusubiri, na uwezekano wa kukataliwa. Asiyeweza kuhamisha mizigo yake ndiye pekee ninayeona ana hoja ya kukataa njia hii.

Kaunta ya kwanza si ya uhamiaji

Kwa wanaochagua kurudi, ukaguzi wa kwanza hufanywa na mfanyakazi wa shirika la ndege, ambaye shirika lake hutozwa faini likimbeba abiria asiye na karatasi sahihi. Mfanyakazi huyo husoma tarehe ya viza na mara nyingi hajasikia habari za I-94 wala kanuni ya siku 30. Anayerudi Marekani kutoka Kanada au Meksiko kwa viza iliyokwisha abebe nakala iliyochapishwa ya I-94, tiketi zinazoonyesha siku alizokuwa nje, na maandishi ya kanuni yenyewe, afike mapema, na aombe kwa upole msimamizi aitwe. Kwa nchi zote, tiketi ya kuondoka, anwani ya anakofikia na taarifa ya benki ya karibuni viwe kwenye begi la mkononi, si kwenye sanduku lililokwisha kupelekwa.

Njia ya ndege nayo ikaguliwe kituo kwa kituo. Marekani haina eneo la kusubiri lisilopitia uhamiaji, kwa hiyo kubadilisha ndege Miami ni kuingia Marekani. Schengen inawadai raia wa nchi 12, zikiwemo Ethiopia, Somalia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, viza ya kupita uwanjani hata kama hawatoki nje ya eneo la abiria, ingawa wenye viza hai za nchi kama Marekani, Kanada au Japani husamehewa.

Anayetoka kwa barabara ana kazi moja zaidi. Kanada na Marekani hupeana taarifa za wanaovuka mpaka wao wa nchi kavu, kwa hiyo kuingia Kanada hurekodiwa kuwa kutoka Marekani. Upande wa Meksiko utaratibu huo haupo kwa namna hiyo, na mtu anaweza kuvuka daraja kwa miguu bila kuacha alama yoyote kwamba ameondoka. Atunze tiketi ya basi, muhuri wa kuingia Meksiko na stakabadhi yenye tarehe, hata baada ya kufika nyumbani, kwa sababu swali la lini hasa alitoka Marekani linaweza kuulizwa katika ombi la viza la miaka mingi baadaye, na jibu linalotakiwa ni karatasi.